Kabla hujaiamini namba ya ADS1115

Skrini inaandika 12,000. Namba hiyo imetoka moja kwa moja kwenye ADS1115, chipu inayogeuza volti kuwa namba, haijaguswa. Kijana yeyote anayeniletea kifaa chake cha kupimia maji nikitazame, swali langu la kwanza huwa hilohilo: elfu kumi na mbili za nini? Kwa mpangilio mmoja wa maktaba ya programu (msimbo ulioandikwa tayari na wengine), namba hiyo ni volti 1.5, na katika kisima ninachokitunza kule Kisauni, Mombasa, volti 1.5 ni maji ya mita 1.88 juu ya sensa. Kwa mpangilio mwingine, namba ileile inasomwa volti 2.25, na kisima kilekile kinapewa mita 3.44. Hakuna waya uliokatika, hakuna kilichoungua, na programu haikutoa onyo lolote. Lakini pampu inayongoja amri imeshaambiwa kuna mita moja u nusu ya maji ambayo hayako, na itavuta mpaka ivute hewa.

Maktaba za programu nazithamini sana, na hakuna kazi ninayoifunga bila hizo. Ila kuna jambo ambalo maktaba haiwezi kulijua hata ikiandikwa na mabingwa: haijui wewe umeunganisha nini kwenye pini. Inajua kuzungumza na chipu, basi. Kutoka kwenye namba mpaka kwenye maji ni njia ambayo lazima uitembee mwenyewe, kalamu mkononi. Huku kwetu wengi wanairuka, na msimbo unapita kutoka simu hadi simu bila mtu kuuliza kila kizidisho kimetoka wapi. Kwa hiyo nitaitembea hapa hadharani, nikitumia kisima kimoja tu.

Kisima chenyewe hakiko mbali na hori ya bahari. Kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na kinategemewa na madrasa moja na nyumba zinazoizunguka. Mombasa hunywa maji ya mbali. Kuna bomba la kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, kuna visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, kuna Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yote hayo hayautoshi mji, na kila anayeishi hapa anajua maana ya mgao, anajua pia bei ya mtungi kwenye mkokoteni inavyopanda bomba likikauka. Mtaa wenye kisima cha maji yanayofaa walau kuogea na kufulia una mali.

Na mali hiyo inaharibika kirahisi. Maji matamu ya mvua yanayojikusanya ndani ya matumbawe yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake, waliikokotoa hesabu ambayo wataalamu wa maji bado wanaitumia: kwa kila sentimita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari, kuna kama sentimita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo uone uzito wake. Ukivuta kisima mpaka usawa wake ushuke sentimita 10 na ukakiacha hapo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kuelekea kwako kwa kama mita 4. Kwa hiyo ninapong'ang'ania milimita, ni milimita zinazoamua kama maji ya mwaka ujao yatanyweka au yatakuwa ya kumwagia vumbi tu.

Mzee anayesimamia kisima hiki hakuhitaji Ghyben wala Herzberg. Nilipokwenda mara ya kwanza na mfuko wa vifaa aliniuliza, "Mwanangu, hiyo sensa yako inajua bamvua?" Nikamwambia, "Ami, itajua." Akaniambia kwamba wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, yeye haruhusu kuvuta maji bahari ikiwa imejaa, kwa sababu ndoo hutoka na ladha, na kwamba siku za maji mafu, bahari inaposogea kidogo tu, kisima hutulia. Hayo aliyapokea kwa babake. Kazi yangu ilikuwa kukifikisha kifaa mahali ambapo kinaweza kuyaona mambo ambayo yeye anayajua kwa ulimi.

Sensa niliyoishusha ni ile ya mgandamizo inayozama, ya mita 0 hadi 5, inayotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Mkondo una faida juu ya volti: kebo ndefu haiupunguzi, na 4 ya mwanzo inamaanisha kwamba kisima kitupu si sawa na waya uliokatika, ambao hutoa 0. Mkondo huo naupitisha kwenye rezista ya omu 150. Miliampea 4 zinatoa volti 0.6, miliampea 20 zinatoa volti 3. Kati ya hapo kuna volti 2.4 za kubeba mita 5 za maji, yaani kama nusu milivolti kwa kila milimita. Shika hapo kwenye nusu milivolti, maana chipu inachaguliwa kwa kipimo hicho.

Bodi ninayotumia ni ya ESP32, kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa, na ndani yake tayari kuna pini za kusoma volti. Kwa nini basi ununue chipu ya nje? Kwanza, namba za pini hizo hazipandi sawasawa na volti: hata kwenye mpangilio wake mpana zaidi zinaaminika kati ya kama volti 0.15 na volti 2.45, na mimi nahitaji kufika 3. Pili, zaidi ya nusu ya pini hizo, zile za kundi la ADC2, hazitumiki Wi-Fi ikiwa inafanya kazi, na kifaa cha kisima kisichotuma data hakina maana kwangu. Arduino Uno, bodi nyingine ya namna hiyo, ina ngazi 1,024 ndani ya volti 5, kila ngazi karibu milivolti 5. Kwenye kisima changu hiyo ni sentimita 1 ya maji kwa ngazi moja, na tumeona sentimita 1 inagharimu nini huko chini. Raspberry Pi haina kabisa pini ya kusoma volti za namna hii.

ADS1115 ya Texas Instruments ina biti 16 (biti ni tarakimu moja ya 0 au 1), milango minne, na inaongea kwa I2C, ile njia ya nyaya mbili iliyobuniwa na Philips mwaka 1982. Bodi yake ndogo inapatikana madukani na haiumizi mfuko. Ndani yake kuna kikuzaji chenye vipimo sita, kuanzia ±6.144 hadi ±0.256 ya volti. Nikichagua ±4.096, kila ngazi ni mikrovolti 125, ambayo ni karibu robo ya milimita ya maji. Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kumbuka tu kwamba ukipima mlango mmoja dhidi ya graundi, yaani waya wa volti 0, unatumia nusu chanya peke yake, kutoka 0 hadi 32,767. Na kuandikwa 4.096 hakukupi ruhusa ya kuingiza volti 4: chipu ikilishwa volti 3.3, mlango wake haupaswi kuzidi 3.6. Kipimo kinaeleza ngazi zimegawanywaje, hakielezi chipu inavumilia nini.

Msimbo wenyewe ni mfupi kiasi kwamba mtu anaweza kudhani hakuna la kufikiri:

```
Adafruit_ADS1115 ads;

ads.begin(0x48);
ads.setGain(GAIN_ONE);
ads.setDataRate(RATE_ADS1115_128SPS);

int16_t ghafi = ads.readADC_SingleEnded(0);
float volti = ads.computeVolts(ghafi);
float mA    = volti / 150.0 * 1000.0;
float mita  = (mA - 4.0) / 16.0 * 5.0;
```

Mistari miwili ya mwisho ni yangu, ni ya kisima. Iliyotangulia ni ya maktaba. Sasa tuufungue mstari wa readADC_SingleEnded tuone unafanya nini, maana hapo ndipo mita moja u nusu ilipojificha.

Maktaba inaiandikia chipu baiti mbili (baiti ni biti nane) kwenye rejista ya mpangilio, yaani kisanduku cha kumbukumbu ndani ya chipu, inangoja, kisha inasoma baiti mbili kutoka kwenye rejista ya matokeo. Kiini chake ni hicho. Ya kuangalia ni ile baiti ya kwanza ya mpangilio. Kwa msimbo huu wa juu ni 0xC3 (namba iliyoandikwa kwa msingi wa kumi na sita), na kwa biti ni 11000011. Biti ya kwanza, 1, inasema anza kupima. Tatu zinazofuata, 100, zinasema soma mlango A0 dhidi ya graundi. Tatu nyingine, 001, ndizo kipimo cha ±4.096. Ya mwisho, 1, inasema pima mara moja kisha ulale. Baiti ya pili inabeba kasi na mambo ya pini ya tahadhari, ALERT.

Sasa futa mstari wa setGain. Maktaba hii isipoambiwa kitu huchukua ±6.144, na biti zile tatu zinakuwa 000. Baiti inakuwa 11000001, yaani 0xC1. Zilinganishe: 11000011 na 11000001. Ni biti moja tu iliyogeuka. Kwa biti hiyo moja kila ngazi imetoka mikrovolti 125 na kuwa mikrovolti 187.5. Ndiyo maana ile 12,000 niliyoanza nayo inaweza kuwa visima viwili tofauti. Mfano unaosambaa zaidi mitandaoni unazidisha kwa 0.1875 iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu uliandikwa kwa ±6.144. Mtu anaunakili, anaongeza setGain kwa kuwa mahali pengine alisoma kwamba GAIN_ONE, yaani ±4.096, ni nzuri, na kizidisho anakiacha kilivyo. Hakuna programu itakayomwambia kitu. computeVolts ipo kwa ajili hiyo hasa: yenyewe inaangalia kipimo kilichowekwa na kuzidisha inavyopasa. Namsihi kila mtu aitumie, na kizidisho cha mkono akifute.

Na ukiamua kuiandikia chipu mwenyewe bila maktaba, jua kwamba chipu ikiwashwa huamka na kipimo chake, ±2.048, si kile cha maktaba. Hapo volti 2.5 haisomwi vibaya kidogo, inagonga dari na kubaki 32,767 hata maji yakizidi kupanda. Ukiiona namba hiyo imesimama bila kutikisika, usifurahie utulivu wake.

Kuna mtego mwingine ambao naona unawauma watu wazuri. Mlango ukiwa karibu na volti 0, chipu inaweza kutoa namba hasi ndogo, tuseme -3. Hilo si kosa, ni tabia yake. Lakini ukiihifadhi kwenye kigeu kisichojua hasi, -3 inageuka 65,533, na kwa mikrovolti 125 hiyo ni zaidi ya volti 8. Kifaa kilichokuwa kikisoma tupu kinatangaza gharika. int16_t kwenye msimbo wangu, aina ya kigeu inayojua hasi, haiko pale kwa urembo.

Ukishapata namba zako za kwanza, zichapishe zikiwa ghafi na uzitazame dakika kadhaa kabla ya kufanya lolote. Kama zote zinagawanyika kwa 16 bila baki, bodi uliyouziwa ina ADS1015, ndugu mdogo wa biti 12, hata kama juu yake pameandikwa 1115. Hili hutokea. ADS1015 inasukuma biti zake 12 upande wa kushoto na kuacha nne za mwisho zikiwa sifuri daima, kwa hiyo haiwezi kujificha kwa anayeangalia. Kwa betri inatosha kabisa. Kwa kisima changu ngazi yake moja ni milimita 4, na siitaki.

Kuhusu kungoja: kwa kasi ya 128 kwa sekunde, kipimo kimoja kinachukua karibu milisekunde 8, na kwa 8 kwa sekunde kinachukua milisekunde 125. readADC_SingleEnded inasimamisha kila kitu mpaka kipimo kiishe, na kitanzi chake cha kungoja hakina kikomo cha muda. Kwa kifaa kinachofanya kazi moja, sawa. Kwa kifaa kinachotuma data, kinachosikiliza amri na kulinda pampu kwa wakati mmoja, mimi nahamia maktaba ya Rob Tillaart, ADS1X15. Hapo unaomba kwa requestADC, unaendelea na shughuli zako, unauliza kwa isReady, kisha unachukua kwa getValue. Naweka na kikomo changu cha muda, ili chipu isipojibu programu iendelee na ijue kwamba haikujibiwa. Na kama unatumia hali ya kupima mfululizo huku ukibadilisha milango, tupa kipimo cha kwanza baada ya kila badiliko. Chipu huimaliza kwanza kazi iliyokuwa ikifanya kwa mpangilio wa zamani, na utampa A1 jibu la A0.

Hayo yote ni upande wa programu. Upande wa nyaya, ambako maktaba haioni chochote, ndiko makosa makubwa ya senti chache yanakoingilia. Rezista ya omu 150 ya kawaida inaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 5. Kwa miliampea 10 huo ni upotofu wa sentimita 15 na zaidi za maji. Unaweza kuwa na chipu ya robo milimita na rezista ya sentimita 15, na skrini ikakuandikia tarakimu nne baada ya nukta kana kwamba kila kitu ni sahihi. Nunua rezista ya asilimia 0.1. Ukiikosa, ipime uliyo nayo kwa mita nzuri, na uandike thamani iliyopimwa kwenye msimbo badala ya 150.

Betri nayo naisoma kwa mlango A1 wa chipu hiyohiyo, ikipitia rezista mbili za kugawanya volti. Watu huchagua rezista kubwakubwa ili betri isivuje, kilo-omu 1,000 na 270 kwa mfano. Wazo zuri, lakini mlango wa ADS1115 si ukuta. Kwenye ±4.096 una ukinzani wa kama mega-omu 6, na kwa mgawanyo huo unakula asilimia 3 na zaidi ya volti yako. Betri ya risasi yenye volti 12.7, iliyojaa, itaonekana kama 12.3, ambayo tayari ni betri iliyotumika karibu nusu. Utamwambia mwenye nyumba anunue betri mpya bure. Punguza rezista zote mbili mara kumi na tatizo linakaribia kuisha. Kati ya rezista ya sensa na mlango wa chipu naweka omu 1,000 za kinga. Hizo ni ndogo mno mbele ya mega-omu 6 kuharibu kipimo.

Sensa ya mkondo inahitaji volti ya kutosha kuisukuma, na rezista inachukua 3 kati ya hizo maji yakijaa. Betri ya volti 12 iliyochoka usiku haimudu, na sensa inaanza kusema uongo saa za alfajiri tu. Weka kipandisha volti hadi 24.

Halafu kuna hewa ya Mombasa yenyewe. Chumvi inaingia kila mahali. Shaba inageuka kijani ndani ya boksi lisilofungwa vizuri, na nyaya za I2C ndizo za kwanza kuanza kuleta vituko. Nimezoea kuiweka chipu sentimita chache tu kutoka kwenye ESP32, kwa sababu I2C haikuundwa kwa safari ndefu, na kuuacha mkondo wa sensa ndio usafiri. Bodi naipaka vanishi ya kuzuia unyevu baada ya kulehemu. Kebo ya sensa ina mrija mwembamba ndani yake unaopeleka hewa ya juu mpaka nyuma ya kiwambo, ili uzito wa hewa usihesabiwe kuwa maji. Mrija huo ukizibwa kwa gundi au ukajaa umande, kifaa chako kitakuwa kinapima hali ya hewa pamoja na kisima. Uache wazi ndani ya boksi kavu lenye punje za kunyonya unyevu.

Ndipo unateremka kisimani na futi kamba yenye kipande cha chuma mwishoni. Huu ndio wakati ninaoupenda zaidi katika kazi nzima. Mzee anashika mfuniko, mimi nashusha, yeye anasikiliza chuma kigonge maji kabla sikio langu halijasikia. "Hapo," anasema. Tunasoma kamba, tunasoma skrini. Tunarudia maji yakiwa juu na maji yakiwa chini, kwa sababu nukta moja inakuonyesha umekosea wapi mwanzo na nukta mbili zinakuonyesha kama umekosea mwinuko. Kama tofauti ni ileile mahali pote, sensa imening'inia juu au chini ya ulipodhani. Kama tofauti inakua kadiri maji yanavyopanda, rudi kwenye rezista au kwenye kipimo cha kikuzaji. Kwa kisima cha pwani kuna sababu ya tatu: sensa inahisi uzito, si urefu. Maji ya bahari ni mazito kuliko matamu kwa karibu asilimia 2.5, na kisima kikianza kunyonya chumvi kitajionyesha kirefu kidogo kuliko kilivyo. Kwenye mita 3, bahari tupu ingekuongezea sentimita 7 hivi za maji yasiyokuwako.

Chumvi yenyewe sikuipima kwa kutumbukiza nyaya mbili na kusoma volti, ingawa naona wengi wakifundisha hivyo. Umeme wa upande mmoja unazila nyaya hizo na kukusanya viputo juu yake, na namba inateleza kila siku. Kinachofaa ni kifaa kinachotuma umeme wa kupishana kwenye vijiti vyake na kutoa volti iliyo tayari, ambayo ADS1115 inaisoma kwenye A2. Joto lipimwe pamoja, maana maji yakipata nyuzi 1 zaidi upitishaji wake wa umeme unapanda kwa kama asilimia 2.

Baada ya hapo kisima kilianza kujieleza. Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kilele kimoja hadi kingine kama saa 12 na dakika 25, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mchoro wa kisima ulikuwa na milima hiyohiyo, midogo, iliyolainishwa na matumbawe, ikija nyuma ya ile ya jedwali la bandari. Siku za bamvua ilikua, siku za maji mafu ikanywea mpaka ikakaribia kuwa mstari. Mstari wa chumvi ulipanda hasa pale mzee aliposema unapanda. Nilimwonyesha kwenye simu. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akahesabu vilele, akataja mwezi ulikuwa wa siku ngapi, na akapatia. Kwa ngazi za sentimita 1 za Uno, siku za maji mafu mchoro huo ungekuwa na vidato vichache tu, na mtu angesema kisima hakina habari na bahari.

Kuona hivyo kulibadilisha amri ya pampu. Kikomo kimoja kisichobadilika, tuseme simama maji yakishuka hapa, kingeizima pampu kila bahari inapopwa bila kisima kuwa na shida yoyote, na kingeiruhusu kuvuta maji yakiwa yamejaa, saa ambayo mzee anaikataza. Sasa kifaa kinaweka wastani wa saa 24 na dakika 50, yaani siku moja kwa mwendo wa mwezi wa angani, na kinauangalia wastani huo kuona kama mtaa unavuta kuliko kisima kinavyojaza. Bahari ikikaribia kujaa wakati wa bamvua, pampu inapumzishwa. Kila kipimo ninachokihifadhi ni namba ya katikati ya vipimo vingi vya karibukaribu, kwa sababu pampu inapowaka hutikisa nyaya na kuingiza kelele, na namba ya katikati haiyumbishwi na vipimo viwili vitatu vilivyoruka.

Na kabla ya hesabu yoyote ile, programu inauliza kama mkondo uko mahali pake. Viwandani wamekubaliana kwamba miliampea 3.6 kushuka chini, au 21 kwenda juu, si kipimo bali ni hitilafu. Kwa omu 150 hizo ni volti 0.54 na 3.15, na zote mbili zinasomeka ndani ya ±4.096. Ikitokea mojawapo, au chipu isipojibu ndani ya muda niliouweka, kifaa hakikisii wala hakirudishi namba ya jana. Pampu inazimwa, ujumbe unaenda kwenye simu ya mzee na yangu, na mpaka mmoja wetu afike, maji yanatekwa kwa kamba na ndoo.